Aliyemchora Superman, na vijitabu vya chini ya meza: uchambuzi wa kisa cha Joe Shuster

Mwaka 1954, katika maduka madogo ya vitabu kando ya Times Square jijini New York, kulikuwa na bidhaa ambayo mteja hakuiona kwenye rafu. Ilimpasa aulize, na muuzaji akimwamini, humtolea kutoka chini ya meza kijitabu chembamba chenye jina Nights of Horror. Ndani mlikuwa na hadithi za watu kufungwa kamba, kuchapwa viboko na kutiishwa, zikisindikizwa na michoro ya wino. Mwandishi alijiita Clancy. Mchoraji hakujiita chochote.

Lakini ukiiweka michoro hiyo kando ya majarida ya mwanzo ya Superman, mshangao unakupata. Mwanamume mwenye kidevu cha mraba na nywele nyeusi zilizolazwa nyuma ni kama pacha wa Clark Kent, mtu wa kawaida mwenye miwani ambaye Superman hujificha ndani yake. Mwanamke aliyesimama mbele yake ana sura ya Lois Lane, mwandishi wa habari mwenzake Clark. Mwenye kipara ni Lex Luthor kabisa, adui wa Superman. Mchoraji alikuwa Joe Shuster, mmoja wa vijana wawili waliomtunga Superman, shujaa aliyepeperushwa nchi nzima ya Marekani kwa magazeti, redio na sinema. Umma ulikuja kulijua hilo mwaka 2009 tu, miaka 17 baada ya kifo chake, pale Craig Yoe, mchoraji na mtafiti wa historia ya vibonzo, alipochapisha kitabu kizima cha michoro hiyo.

Wengi wakisikia kisa hiki hukimbilia aibu: mtu aliyewapa watoto shujaa wao aliangukia uchafu. Mimi nakisoma kwa njia nyingine. Vijitabu vile havikutokana na kuporomoka kwa tabia ya mtu. Vilitokana na mkataba, na mkataba huo ndio mahali pa kuanzia.

Dola 130

Joe Shuster alizaliwa Toronto, Kanada, tarehe 10 Julai 1914, katika familia ya Wayahudi waliohamia kutoka Ulaya. Baba alikuwa fundi cherehani. Joe akiwa bado mtoto walihamia Cleveland, Ohio, na umaskini wakahama nao. Alichora kwenye karatasi za kufungia bidhaa na migongo ya karatasi za ukutani, akiutumia ubao wa jikoni wa mama yake kama meza ya kazi. Katika shule ya sekondari ya Glenville alikutana na Jerry Siegel, kijana wa rika lake, mpole na mwenye haya kama yeye, aliyekuwa akiandika hadithi za sayansi ya kubuni. Mmoja ana maneno, mwingine ana mkono. Wakaungana.

Superman alizunguka kwa wachapishaji miaka kadhaa akikataliwa. Hatimaye, tarehe 1 Machi 1938, kampuni ya Detective Comics iliwaandikia hundi ya dola 412. Kati ya hizo, dola 130 zilikuwa za Superman: kurasa 13, dola 10 kwa ukurasa. Zilizobaki zilikuwa malipo ya kazi nyingine walizokwisha kuifanyia kampuni. Kwa dola hizo 130 walisaini kumtoa mhusika wao na haki zake zote, milele. Majina yao wote wawili yalikuwa yameandikwa kwa makosa kwenye hundi hiyo, ikabidi wasaini nyuma yake mara mbili, kwa jina lililokosewa na kwa jina sahihi. Hundi hiyohiyo iliuzwa mnadani mwaka 2012 kwa dola 160,000.

Lazima nieleze kampuni hiyo ilikuwa ya nani, maana bila hilo kisa hakieleweki. Mkuu wake, Harry Donenfeld, alikuwa amejijenga kwa kuchapisha majarida ya bei rahisi yaliyoitwa Spicy: Spicy Detective, Spicy Adventure na ndugu zake. Majalada yake yalijaa wanawake waliochaniwa nguo, waliofungwa kamba, waliokuwa wakitishwa na majitu yenye visu. Mmoja wa wachoraji wake wakuu wa majalada alikuwa H. J. Ward. Na ni Ward huyohuyo ambaye Donenfeld alimpa kazi mwaka 1940 ya kupaka rangi picha kubwa ya Superman akiwa amesimama wima, ikatundikwa ofisini. Tajiri aliyemnunua Superman alikuwa amepata mtaji kwa picha za kamba na vitisho, naye aliheshimika. Mchoraji aliyemuuza Superman alikuja kuchora picha za aina hiyo miaka kumi na sita baadaye ili ale, na kwa ajili yake tukatafuta neno aibu. Naomba msomaji aishike tofauti hiyo, kwa sababu tofauti yenyewe ni nani aliyekuwa na hatimiliki mkononi.

Kwa miaka michache maisha yalikuwa mazuri. Walilipwa kwa kila ukurasa waliotoa, na Shuster alifungua studio Cleveland akaajiri wasaidizi, akiwemo Wayne Boring. Aliwahitaji. Kazi ilikuwa nyingi mno kwa mtu mmoja, na macho yake, ambayo hayakuwa mazuri tangu zamani, yalizidi kudhoofika. Polepole uso wa Superman ukawa kazi ya mikono mingine, jina la Shuster likibaki juu ya ukurasa.

Mwaka 1947 yeye na Siegel waliishtaki kampuni wakidai haki zao. Uamuzi ulisema Superman aliuzwa kihalali, ila Superboy, wazo la Siegel ambalo kampuni ililitumia naye akiwa jeshini, halikuwa mali ya kampuni. Mwaka 1948 pande mbili zikamalizana kwa takribani dola 94,000, ambazo ziliwagharimu haki ya Superboy pia, na gharama za mawakili zikala sehemu kubwa. Kisha kampuni ikafanya jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko fedha: iliyaondoa majina yao. Kuanzia hapo Superman aliendelea kuruka kana kwamba hakuwa na wazazi.

Walijaribu tena mwaka huohuo kwa mhusika mpya, Funnyman, shujaa mchekeshaji. Matoleo sita, basi. Siegel, aliyekuwa mwandishi, bado angeweza kuuza hadithi; mwaka 1959 alirudi kuiandikia kampuni ileile habari za Superman bila jina lake kuwekwa. Mchoraji anayepoteza macho hana mlango wa namna hiyo. Mtindo wa Shuster, ule wa miaka ya 1930 wenye mistari michache na miili inayosema kwa mkao, ulikuwa umepitwa. Wachapishaji walitaka umaliziaji laini aliokuwa akiutoa Boring. Msaidizi wake wa zamani akawa ndiye kipimo, naye mwenyewe akawa amechakaa.

Mkono wenyewe

Sanaa ya fetishi huchora hamu ya mwili iliyojishikiza kwenye kitu au kitendo: buti refu, ngozi, kamba, kiboko, mchezo wa bwana na mtumwa baina ya watu wazima. New York ya baada ya vita ilikuwa soko lake kuu. Irving Klaw aliuza picha za namna hiyo kwa posta kutoka duka lake la Mtaa wa 14, na mwanamitindo Bettie Page akajulikana kupitia kamera zake. John Willie, Mwingereza aliyezaliwa Singapore, alikuwa amelianzisha jarida la Bizarre mwaka 1946 na kuifanya michoro ya visigino virefu na kamba kuwa usanii wa kupimwa kwa sentimita. Eric Stanton alianza kwa Klaw. Gene Bilbrew, Mmarekani Mweusi aliyewahi kufanya kazi katika studio ya Will Eisner, mchoraji mashuhuri wa vibonzo, naye alichora huko. Huu haukuwa ulimwengu wa watu wasiojua kuchora. Ulikuwa ulimwengu wa wachoraji ambao soko la wazi halikuwapa nafasi, au liliwapa kisha likawanyang'anya.

Ndani ya ulimwengu huo Nights of Horror ilikuwa tabaka la chini. Willie alichapisha kwa ustadi. Vijitabu hivi vilichapwa kwa bei rahisi chini ya jina la Malcla, vikatoka matoleo 16. Hadithi ni za haraka na nyingi ni za kikatili. Siwezi kuzitetea kama fasihi, na baadhi yake zinafurahia maumivu ya mtu asiyetaka kwa namna inayonikera.

Michoro ni jambo lingine. Superman wa miaka ya 1940 alipita mikononi mwa timu nzima, lakini hapa tunaona mkono mmoja ukifanya kazi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mstari ni mwepesi na una uhakika. Anaweka watu wawili au watatu kwenye chumba chenye samani chache, na kwa mkao wa bega tu unajua nani ana mamlaka na nani ameyakabidhi. Stadi hiyo aliijenga kwa Superman: jinsi Clark Kent anavyokunja mgongo na jinsi mtu yuleyule anavyosimama akivua miwani. Mada ya Shuster tangu mwanzo ilikuwa nguvu, nani anayo, nani anajifanya hana. Katika vijitabu aliichora mada hiyohiyo bila nguo za sarakasi.

Tena mamlaka hayakai upande mmoja. Zipo picha ambamo mwanamume anashika kiboko, na zipo ambamo mwanamke ndiye anayekishika, mwenye uso ule wa Lois Lane ambaye kwa miaka mingi alikuwa akimdharau Clark mchana kutwa. Sipendi kuingia moyoni mwa mtu aliyekufa na kudai najua alichokuwa akikitamani. Huenda alikuwa akifurahia mada hii, huenda alikuwa akilipia kodi ya nyumba, na hakuna sababu hayo mawili yasiwe kweli kwa pamoja. Mchoro wenyewe hauonyeshi mtu aliyelazimishwa. Mtu anayechora kwa kuchoka huacha mikono ya wahusika bila kuimaliza, huyu aliimaliza.

Je, angekuwa na njia nyingine? Katika kuchambua kisa hiki nimeliuliza swali hilo kwa dhati. Kurudi kwa kampuni aliyoishtaki hakukuwezekana kwake. Wachapishaji wengine wa vibonzo walikuwa wengi mwanzoni mwa miaka ya 1950, lakini walitaka kasi na mtindo mpya, na jina lake, ambalo lingemfungulia milango, lilikuwa limebanduliwa kwenye kazi pekee ambayo umma uliijua. Angalia mantiki ya soko hili: soko la wazi lilimtaka Superman bila Shuster, soko la kificho lilimtaka Shuster bila jina. Kote kuwili kilicholipwa ni kazi ya mkono tu, si jina. Mtu akishazoezwa hivyo na kampuni kubwa, kumshangaa anapoendelea hivyo kwa kampuni ndogo ni kumwonea.

Brooklyn, Agosti 1954

Katika majira ya joto ya 1954, kundi la vijana wanne wa Brooklyn, wa umri wa miaka 15 hadi 18, lilikuwa likiwavamia watu usiku katika bustani za umma. Waliwapiga walevi na wasio na makazi, na waliwachapa watu viboko. Agosti wakaua. Mmoja wa waliouawa, Willard Menter, mfanyakazi Mweusi aliyekuwa amelala bustanini, aliteswa, kisha akaishia kwenye maji ya East River. Baadaye wawili kati yao walihukumiwa kifungo cha maisha.

Mtaalamu wa magonjwa ya akili aliyemhoji kiongozi wao alikuwa Dkt. Fredric Wertham. Huyu ndiye mtu ambaye Aprili ya mwaka huohuo alitoa kitabu Seduction of the Innocent, kilichodai kwamba majarida ya vibonzo yanawafunza watoto uhalifu, na ndiye aliyetoa ushahidi mbele ya kamati ndogo ya Seneti kuhusu uhalifu wa vijana. Wertham hakumsamehe Superman hata kidogo: alimwona kama mafunzo ya kifashisti kwa watoto, akaandika kwamba tushukuru herufi kifuani mwake ni S moja na si mbili. Kiongozi yule wa kundi alimwambia Wertham kwamba alisoma Nights of Horror. Wertham akaona mstari ulionyooka kutoka kijitabu hadi kiboko hadi mauaji.

Hapa historia ilifanya kitu ambacho mtunzi wa hadithi angeogopa kukifanya. Mtu aliyempiga vita Superman mchana na usiku alishika mkononi kazi nyingine ya mchoraji wa Superman, na hakujua. Jina la Shuster halikutajwa.

Wertham hakuwa mtu mdogo wala mbaya. Alifungua kliniki ya Lafargue huko Harlem mwaka 1946 kuwahudumia watu ambao hospitali nyingine ziliwapuuza, na utafiti wake kuhusu madhara ya kuwatenga watoto Weusi shuleni ulitumika mahakamani katika kesi za Delaware dhidi ya ubaguzi. Namheshimu kwa hayo. Kuhusu vibonzo, hata hivyo, mwanazuoni Carol Tilley alipozipitia karatasi zake karne hii alikuta kwamba maneno ya watoto aliowanukuu yalikuwa yamebadilishwa, kuunganishwa na kukatwa ili yaseme alichotaka yaseme. Kwa hiyo mstari wake ulionyooka tuupokee kwa tahadhari.

Nami nina sababu yangu ya kuukataa. Kijana yule alikuwa pia mshabiki wa Wanazi, ingawa ni Myahudi. Alijawa na chuki kwa wale aliowaona takataka za jamii. Alikuwa na kundi lililomtii. Yote hayo yalikuwepo. Kijitabu kilimpa mavazi ya kuvalisha alichokuwa nacho. Maelfu ya wanaume wazima walinunua vijitabu vya namna hiyo wakavificha kabatini, na wasiomdhuru yeyote ndio waliokuwa wengi. Lakini kijitabu kinashikika, kinasomeka mahakamani, kinachomeka. Chuki haichomeki, kwa hiyo jiji likashughulika na kilichokuwa karibu.

Mahakamani

Jiji la New York lilitumia kifungu cha 22-a cha sheria ya jimbo ya mwenendo wa jinai, kilichotungwa mwaka 1941. Kwa kawaida serikali ikitaka kupambana na chapisho chafu humshtaki muuzaji, wazee wa baraza wakasikiliza, akaachiwa au akafungwa. Kifungu hiki kilitoa njia tofauti: mwanasheria wa jiji anamwomba jaji amri ya zuio dhidi ya vitabu vyenyewe. Mauzo yanasimama mara moja. Muuzaji ana haki ya kusikilizwa ndani ya siku moja baada ya hoja kukamilika, na jaji lazima aamue ndani ya siku mbili baada ya kusikiliza. Akiona ni uchafu, vitabu vinakabidhiwa na kuangamizwa.

Wauzaji wa Nights of Horror, wakiongozwa na Kingsley Books, walishtakiwa na Peter Campbell Brown, mwanasheria mkuu wa jiji. Jaji Matthew Levy wa mahakama ya jimbo aliona matoleo 14 aliyoletewa kuwa machafu, akazuia yasisambazwe, akaamuru yaharibiwe. Wauzaji hawakubisha kwamba ni uchafu. Walibisha kwamba jimbo halina ruhusa ya kuzuia maandishi kwa njia hiyo, maana Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya Marekani yanalinda uhuru wa kujieleza. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani.

Tarehe 24 Juni 1957 majaji waligawanyika watano kwa wanne. Jaji Felix Frankfurter, akiandika kwa niaba ya walio wengi, alisema utaratibu huo unakubalika: hauzuii kitabu kabla ya kuchapishwa, unakigusa baada ya kuwa sokoni, tena kwa haraka inayomlinda muuzaji. Siku hiyohiyo, katika kesi ya Roth, mahakama ilitamka kwamba uchafu wa kijinsia haumo kabisa ndani ya ulinzi wa Marekebisho ya Kwanza. Kesi ya Roth ndiyo iliyopata umaarufu, lakini ya Kingsley ndiyo iliyosema jinsi ya kuukamata uchafu huo.

Jaji Mkuu Earl Warren alipinga, na maneno yake ndiyo yanayonivuta kila ninaporudi kwenye kesi hii. Alisema kinachopaswa kuhukumiwa ni mwenendo wa mtu, si ubora wa sanaa au fasihi, na kwamba kuharibu vitabu bila kwanza kumthibitishia mtu kosa la kuvitumia kunanukia mno uchomaji wa vitabu. Majaji Douglas na Black walipinga kwa sababu yao, Brennan kwa sababu hapakuwa na wazee wa baraza. Wanne hao walishindwa kwa kura moja.

Nakubaliana na Warren, na kisa cha Shuster ndicho kinachonifanya nikubali. Tazama nani yumo kwenye kesi: wauzaji, jiji, majaji tisa. Tazama nani hayumo: mwandishi na mchoraji. Sheria iliyokishtaki kitu haikuwa na haja ya kumwuliza aliyekitengeneza. Kwa Shuster, hilo pengine lilikuwa heri. Hakuna wakati mbaya zaidi ambao jina lake lingetajwa kuliko mwisho wa 1954, wachapishaji wa vibonzo wakiwa wamejifunga kwa Comics Code, kanuni zao mpya za maadili, na magazeti yakitafuta wa kulaumiwa. Lakini heri ya aina hiyo ina bei. Mchoraji wa Superman alikuwa na mchango katika hukumu ya Mahakama ya Juu iliyogusa uhuru wa kila mwandishi na mchapaji nchini mwake, na hakusimama popote kusema neno.

Hukumu yenyewe haikufa. Mwaka 1965, katika kesi ya Freedman dhidi ya Maryland, mahakama ileile iliubatilisha utaratibu wa jimbo hilo wa kukagua filamu, na ilipotaka kuonyesha mfano wa utaratibu wenye haraka inayostahili, ilielekeza kwenye Kingsley. Nayo ndiyo athari ya vijitabu hivi iliyo wazi kuliko zote: haimo katika mitindo ya uchoraji, imo katika sheria.

Katika uchoraji athari ni finyu, na sitaki kuikuza. Michoro iliharibiwa, haikuwa na jina, na haikuunda kizazi cha wanafunzi kama ya Willie na Stanton. Wao ndio waliofungua njia, licha ya misukosuko: kamati ya Seneti ilimgeukia Klaw mwaka 1955, na mwaka 1963 aliamua kuchoma hazina ya negativu zake, nyingine zikiokolewa na dada yake Paula. Jambo moja tu la pembeni linastahili kutajwa. Stanton alishiriki chumba cha kazi kwa miaka mingi na mchoraji Steve Ditko, ambaye mwaka 1962 pamoja na mwandishi Stan Lee walimleta Spider-Man. Mashujaa wawili mashuhuri wa vibonzo vya Marekani, na nyuma ya kila mmoja kuna meza ya kazi iliyokaa jirani na sanaa ya kamba na viboko. Lee ndiye aliyeandika utangulizi wa kitabu cha Yoe.

Jina

Baada ya 1954 Shuster alififia. Kufikia miaka ya 1970 alikuwa karibu kipofu, akiishi Queens na ndugu yake. Mwaka 1975, filamu kubwa ya Superman ikiwa inaandaliwa, Siegel aliandikia vyombo vya habari waraka mrefu wenye hasira akiilaani filamu hiyo. Wachoraji Neal Adams na Jerry Robinson wakalishika suala hilo, wakazunguka redioni na kwenye televisheni. Desemba, kampuni ya Warner, iliyokuwa sasa mmiliki, ilikubali kuwalipa kila mmoja dola 20,000 kwa mwaka, kugharimia matibabu, na kurudisha majina yao kwenye kila kazi ya Superman. Shuster alifariki Los Angeles tarehe 30 Julai 1992, akiacha madeni. Miezi michache baadaye kampuni ilikubali kuongeza malipo ya kila mwaka kwa ndugu zake, na mwaka 2012 mahakama ikaamua kwamba kwa makubaliano hayo warithi wamefunga mlango wa kudai sehemu yake ya haki.

Yoe alipotoa michoro mwaka 2009, baadhi ya wapenzi wa Superman waliona ni kumvua nguo marehemu. Hoja hiyo naielewa, maana Shuster hakuwahi kusema hadharani kwamba ni yake, na kinachomtaja ni mkono wake tu. Hata hivyo naamini Yoe alifanya sawa. Kificho kile hakikuwa faragha aliyoichagua mtu huru. Kilikuwa sharti la soko, kama lilivyokuwa sharti kwamba Superman aruke bila jina lake kuanzia 1948 hadi 1975. Tukikubali kwamba kosa la pili lilistahili kusahihishwa, sioni kwa nini la kwanza libaki.

Hata leo wasifu wake mwingi, pamoja na heshima anazopewa Toronto ambako kuna mtaa wenye jina lake, hupita kutoka Funnyman moja kwa moja hadi 1975, kana kwamba aliweka kalamu chini. Hakuiweka. Orodha kamili ya kazi za Joe Shuster inapaswa kuwa na ingizo la mwaka 1954: Nights of Horror, matoleo 16, mwandishi Clancy, michoro yake yeye.